Kubadilisha bushi za mkono wa chini kwenye gari lililotembea sana

Bushi ni kiungo cha mpira na chuma kinachoushikilia mkono wa gurudumu kwenye gari. Bushi mpya ikifa ndani ya miezi michache, mara nyingi yenyewe haina kosa. Imekazwa gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia. Bushi ya mpira haizunguki kama beringi: mpira umegandishwa kwenye bomba la chuma la ndani na la nje, bolti inalibana bomba la ndani lisigeuke, na mkono unapopanda na kushuka ni mpira wenyewe unaojisokota na kurudi. Pale unapokaza bolti ndipo mpira unapopumzika. Mkono wenye urefu wa milimita 350 ukining'inia milimita 90 chini ya kawaida yake, umegeuka karibu nyuzi 15. Ukaze hapo, kisha ulishushe gari: mpira utakaa umesokotwa nyuzi 15 usiku na mchana, hata gari likiwa limeegeshwa, na kila shimo la barabarani litaongeza juu ya hizo.

Hatua zifuatazo ni za mkono wa chini wa mbele, ule mafundi wengi wanaouita loa amu, kwenye gari ambalo springi imevikwa kwenye shokapu (mfumo wa MacPherson). Kama springi ya gari lako inakalia mkono wa chini moja kwa moja, usizifuate. Mkono huo ndio unaoizuia springi iliyobanwa, na ukiuachia bila kifaa cha kubania springi, inaruka kwa nguvu ya kuua mtu.

Hakikisha ni bushi kweli

Bushi ya nyuma ya mkono ikichoka, unasikia "gu" moja unapokanyaga breki na nyingine unapoondoka, kwa sababu gurudumu linasukumwa nyuma kisha linavutwa mbele. Gari huvuta upande ukifunga breki, usukani unakuwa mlegevu kwenye mwendo mkubwa, na tairi hulika ukingo mmoja. Linki ya stabilaiza (kijiti kinachouunganisha mkono au shokapu na fimbo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona) iliyokwisha ina tabia nyingine: hugonga mfululizo kwenye vishimo vidogo kwa mwendo wa polepole. Watu hubadilisha bushi kwa kelele ya linki, halafu kelele inabaki.

Pachika mtaimbo kati ya mkono na krosmemba (boriti ya chuma chini ya gari inayoshika mikono), usukume kwa nguvu ya wastani. Mpira kunyumbuka kidogo na kurudi ni kazi yake. Mkono ukiruka na kugonga chuma kwa chuma, au ukiona mwanga kati ya mpira na bomba, bushi imekwisha. Vijiufa vya juujuu peke yake si sababu ya kuitoa. Zipo bushi zenye majimaji ndani. Hizo zinaweza kuonekana nzima huku zimepasuka, na kinachozisema ni michirizi ya majimaji meusi iliyokamata vumbi.

Angalia pia boljointi, kiungo cha mviringo kinachounganisha ncha ya mkono na kitovu cha gurudumu: gurudumu likiwa juu, lishike juu na chini ulitikise huku mwenzako akichungulia kiungo. Kama imelegea na imeungana na mkono, nunua mkono mzima, usihangaike na bushi. Ila mkono wa bei ya chini kabisa huwa na bushi laini mno. Mkono orijino usiopinda, wenye boljointi nzima na bushi nzuri mpya, utaushinda. Vyovyote utakavyoamua, fanya kushoto na kulia kwa pamoja.

Vifaa

Jeki na stendi mbili, vizuizi vya magurudumu, soketi na spana za namba za gari lako, spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), mtaimbo, nyundo ya kilo moja na nusu hivi, msumeno wa chuma, brashi ya waya, mafuta ya kulegeza kutu, kalamu ya rangi, rula. Kwa kutolea bushi utahitaji presi au kifaa cha skrubu chenye vikombe vya saizi mbalimbali. Ukijitengenezea kwa fimbo ya uzi, chukua ya chuma kigumu, siyo ile laini ya ujenzi, maana uzi wake unakatika katikati ya kazi. Nunua pia bolti na nati mpya za mkono. Nati za kujifunga hazirudiwi, na baadhi ya bolti hizi hukazwa kwa kuvutwa hadi zirefuke kidogo, hivyo zinatumika mara moja tu.

Kazi yenyewe

1. Gari likiwa chini kwenye sakafu tambarare, bila mzigo, pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu wima hadi ukingo wa fenda. Andika namba ya kila upande. Bila namba hii utakuwa unakisia mwishoni.

2. Legeza nati za gurudumu, zuia magurudumu ya nyuma, nyanyua, weka stendi chini ya chasisi mahali palipotengwa. Pulizia bolti zote mafuta ya kutu. Ukiweza, fanya hivyo tangu jana yake.

3. Fungua linki ya stabilaiza na vishikio vya waya wa ABS vilivyo kwenye mkono. Kisha boljointi. Uma wa kupigiliwa unachana kifuko chake cha mpira, hivyo utumie tu kama boljointi inatupwa. Vinginevyo tumia kivutio, au acha nati ikiwa imeshika nyuzi chache na ugonge ubavu wa jicho la chuma inapoingia boljointi. Ikiachia, funga kitovu kwa waya kisivutike nje, kwani shafti inaweza kuchomoka kwenye kiungo chake cha ndani.

4. Toa bolti za mkono. Kwenye gari kuukuu, hapa ndipo saa zinapoishia. Kutu huunganisha bolti na bomba la ndani la bushi: nati inatoka lakini bolti inagoma, au inageuka na kurudi yenyewe kwa sababu inausokota mpira. Rudisha nati hadi iwe sawa na ncha ya bolti ndipo ugonge, usiharibu uzi. Ikikataa kabisa, pitisha msumeno kati ya bushi na bano lake uikate. Bolti mpya si unayo? Kama nati imechomelewa ndani ya krosmemba, usilazimishe hata kidogo. Robo mzunguko kufungua, robo kurudi, mafuta tena. Nati hiyo ikibanduka ndani, itabidi chuma kikatwe kuifikia.

5. Kabla ya kugusa bushi kuukuu, chora mstari kwenye mkono ulipo mshale au tundu la mpira, upime pia bushi imezama au imetokeza milimita ngapi kila upande. Mpira wenye matundu ni laini upande wa matundu na mgumu upande wa pili, na ndivyo ulivyokusudiwa.

6. Sukuma bushi itoke kwa kubana bomba la nje, kombe kubwa likipokea upande wa pili. Kama jicho la mkono lina kuta mbili nyembamba, jaza kipande cha chuma katikati yake lisijikunje. Pasipo presi: toboa mpira kwa drili hadi kiini kitoke, pitisha msumeno ndani, kata bomba la nje kwa urefu wake, kisha likunje kwa patasi. Kata taratibu na usimame chuma kinapobaki chembamba kama karatasi, kwa kuwa mkwaruzo ndani ya jicho la mkono ni mwanzo wa ufa. Usichome mpira kwa moto. Moshi wake ni sumu, joto linaua kifuko cha boljointi, na mkono wa alumini unapoteza ugumu wake.

7. Safisha jicho kwa brashi na msasa mwembamba. Bushi mpya ikiingia kwa kusukumwa na mkono mtupu, jicho limepanuka na mkono huo ni wa kutupa. Kuvika bati au kupiga weldi ni kuahirisha ajali.

8. Bushi mpya huingizwa kwa upande wa jicho uliochongwa mdomo. Paka maji ya sabuni, siyo grisi wala oili, kwani mafuta ya petroli huvimbisha mpira. Wengine huigandisha kwenye friza; chuma cha milimita 40 kikipoa nyuzi 40 kinapungua kama milimita 0.02 tu, msaada upo ila mdogo. Linganisha alama, bana kwenye bomba la nje pekee, kagua milimita chache za mwanzo kila upande. Nguvu ikipanda ghafla, imeingia kombo: itoe uanze upya. Ukiendelea itakwangua jicho. Simama kwenye kina ulichopima.

9. Rudisha mkono, ingiza bolti zote na uziache zikiwa zimeshika kwa vidole tu. Funga boljointi kikamilifu. Kama yako hushikwa na bolti ya kubana, hakikisha mfuo wa mguu wake uko sawa na tundu la bolti, maana bolti isiyopita kwenye mfuo inaweza kuachia barabarani.

10. Weka jeki chini ya mkono, karibu na boljointi, nyanyua polepole hadi umbali wa kitovu na fenda ufikie namba ya hatua ya 1. Tazama stendi: gari likianza kuziacha, shusha na uweke uzito juu ya upande huo, au ukazie gari likiwa na magurudumu yake juu ya rampu. Hapo ndipo unakaza bolti za mkono, kwa toki ya kitabu cha gari lako. Sehemu hii huwa Nm 80 hadi 180 kulingana na saizi, na baadhi humaliziwa kwa nyuzi 90 za ziada, kwa hiyo kukisia hakufai. Chora mstari wa rangi kwenye kila bolti na nati yake, kisha malizia na linki ya stabilaiza.

Ukitumia bushi za poliyurethani, kiini chake huteleza ndani ya plastiki, hivyo kimo cha gari wakati wa kukaza hakijalishi. Zinataka grisi ya silikoni, na ikikauka zinalia. Kwa gari la kawaida la kila siku, mpira unatosha na unatuliza zaidi.

Rudisha magurudumu, endesha taratibu kilomita chache, kisha peleka gari likapimwe alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) siku hiyohiyo. Baada ya kilomita 100 hivi, kagua alama za rangi ulizochora kwenye bolti na nati. Gari likiendelea kuvuta upande kwenye breki ilhali alaimenti iko sawa, na breki zenyewe hazina tatizo, chungulia matundu ya mpira kushoto na kulia: huenda upande mmoja umeingia umegeuka.