Jinsi ya Kupata na Kutumia Mawakili wa Kampuni Pale Kawi, Fedha na Teknolojia Zinapokutana

Kampuni ya Kisumu inayouza mitambo ya sola kwa wakazi wa Ahero, Nyando na Bondo, kwa mpango wa kulipa kidogo kidogo kwa simu, hujiona inafanya biashara moja. Sheria huiona inafanya tatu. Mtambo wenyewe ni suala la kawi, malipo ya awamu ni mkopo, na programu inayojua nani amelipa, anaishi wapi na lini taa zake zizimwe ni suala la data. Wenye kampuni wengi humwendea kwanza wakili aliyewashughulikia kununua kiwanja, kisha wakamtafuta mwingine wa leseni, na mkopo wa benki unapokuja hujikuta mikononi mwa wakili wa tatu waliyeletewa na benki. Kila mmoja anaweza kufanya kazi yake vizuri kabisa, lakini hakuna anayesoma karatasi za mwenzake, na matatizo makubwa hutokea katika maungio ya karatasi hizo. Kwa hiyo kinachotafutwa hapa ni wakili mmoja atakayekubali kuisoma mikataba yote kwa pamoja, hata kama baadhi ya sehemu zake zitashughulikiwa na wenzake.

Kabla ya kupiga hodi kwa wakili

Andika shughuli yako katika ukurasa mmoja, kwa lugha ya kawaida: nani anamlipa nani, kwa kitu gani, kwa muda gani, fedha za mtaji zimetoka wapi, mitambo imesimama kwenye ardhi ya nani, na taarifa za wateja zinahifadhiwa wapi. Ukurasa huo utakuokolea saa nzima ya wakili, na saa ya wakili hulipiwa. Ambatisha CR12 ya hivi karibuni (hati ya Msajili wa Kampuni inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa), katiba ya kampuni, leseni zote na mikataba yoyote ya mkopo iliyopo, hata ile ya zamani uliyodhani haina maana tena, kwa sababu mara nyingi ndiyo yenye kifungu kinachokukataza kukopa kwingine bila idhini.

Usikasirike wakili akikuomba vitambulisho na akauliza ni nani wanaomiliki kampuni kwa kweli. Tangu 2023 mawakili wa Kenya wamo katika orodha ya wanaowajibika chini ya sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha, na sheria ya kampuni inataka mmiliki halisi mwenye angalau asilimia 10 ya hisa atajwe katika rejista. Wakili asiyeuliza maswali hayo ndiye wa kutiliwa shaka.

Hakikisha pia kwamba wakili ana cheti cha kuhudumu cha mwaka huu. Chama cha Mawakili Nchini (LSK) huweka njia ya kulitafuta jina lake mtandaoni. Ni jambo la dakika mbili, na watu huliruka.

Mjaribu kwa kifungu kimoja

Sifa za kampuni ya mawakili hazionekani katika ukubwa wa jengo wala katika orodha ya wateja iliyobandikwa ukutani. Mpe wakili kifungu kimoja kutoka kwenye mkataba wako halisi, umsikilize anavyokisoma. Tuchukue hiki, ambacho hupatikana karibu katika kila mkataba wa sola ya awamu: “Kampuni inaweza kuuzima mtambo wakati wowote mteja atakapochelewa kulipa.”

Mwenye uzoefu wa fedha atakuuliza mkataba umeandikwa kwa namna gani. Ikiwa ni ununuzi wa awamu unaosimamiwa na Sheria ya Ununuzi wa Awamu (Hire Purchase Act, Sura ya 507), mteja akishalipa thuluthi mbili za bei huwezi kuichukua mali kwa nguvu zako mwenyewe. Ni lazima uende mahakamani. Je, kuuzima mtambo kutoka afisini bila kuugusa ni sawa na kuuchukua? Swali hilo lina hoja pande zote mbili, na wakili mzuri atakwambia hivyo waziwazi badala ya kukuhakikishia kwamba hakuna neno.

Mwenye uzoefu wa teknolojia ataona jambo jingine. Ikiwa programu ndiyo inayoamua yenyewe kuzima, bila mtu yeyote kupitia uamuzi huo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mteja haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mashine peke yake pale unapomwathiri kwa uzito, ingawa kuna hali ambazo sheria inauruhusu. Wa kawi atauliza kama aliyeuza na aliyefunga mtambo huo wana leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), na kama mmoja wa wateja ni zahanati yenye friji ya chanjo. Kisha yuko mkopeshaji wako, ambaye amesajili haki yake juu ya mitambo hiyo chini ya Sheria ya Dhamana za Mali Inayohamishika ya 2017 na anataka kifungu kibaki kikali kadiri iwezekanavyo, maana ndicho kinacholinda fedha zake.

Sentensi moja, nayo inavutwa pande nne. Wakili anayeona pande mbili au zaidi bila kusukumwa anafaa kuendelea kuzungumza naye. Anayesema tu “hiki ni kifungu cha kawaida” mshukuru kwa muda wake.

Si wadogo tu wanaopambana na maungio haya. Kule Menengai, juu kidogo ya mji wa Nakuru, kampuni ya serikali ya GDC huchimba visima vya mvuke wa ardhini na kuuuza mvuke huo, nazo kampuni tatu binafsi zilipewa nafasi ya kujenga mitambo ya megawati 35 kila moja na kuiuzia Kenya Power umeme. Mwenye mtambo yuko katikati ya mikataba miwili: mvuke ukipungua anashindwa kuzalisha, lakini mkataba wa umeme bado una ahadi zake, na benki iliyofadhili ujenzi bado inasubiri marejesho. Sehemu kubwa ya kazi ya mawakili katika miradi ya namna hiyo ni kuhakikisha kwamba udhuru unaokubalika katika mkataba mmoja unakubalika pia katika mwingine.

Maswali ya kumuuliza katika kila eneo

Kwa kawi, anza na matumizi. Kiwanda cha Njoro kinachojizalishia umeme wa kukitumia chenyewe, usiozidi megawati 1, hakihitaji leseni ya uzalishaji chini ya Sheria ya Kawi ya 2019. Kikianza kumuuzia jirani, hali inabadilika. Uliza pia kuhusu ardhi, hasa kama unatarajia mwekezaji wa kigeni. Ibara ya 65 ya Katiba inaihesabu kampuni kuwa raia pale tu hisa zake zote zinapomilikiwa na raia, na asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa ukodishaji usiozidi miaka 99. Maana yake ni kwamba kumuuzia rafiki wa ng'ambo hisa chache kunaweza kugusa shamba ambalo kampuni ililinunua liwe lake bila kikomo cha muda, hata kama mazungumzo yalikuwa ya programu ya simu na shamba halikutajwa kabisa. Na shamba likiwa la kilimo, idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi inapaswa kuombwa ndani ya miezi sita ya mapatano.

Kwa teknolojia, uliza kama unatakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Data. Kiwango cha jumla ni mapato ya mwaka yasiyopungua shilingi milioni 5 au wafanyakazi 10 au zaidi, ila shughuli kadhaa, zikiwemo huduma za kifedha, husajiliwa hata zikiwa ndogo. Mwombe akuandikie mapema utaratibu wa kufuata data ikivuja, kwa kuwa kamishna anapaswa kuarifiwa ndani ya saa 72.

Kwa fedha, swali ni moja: je, mpango wetu wa awamu unatuweka chini ya usimamizi wa Benki Kuu? Kanuni za wakopeshaji wa kidijitali zilitolewa 2022, na marekebisho ya Desemba 2024 yakapanua mamlaka ya Benki Kuu juu ya wakopeshaji wasiopokea amana, kwa hiyo ushauri ulioandikwa kabla ya hapo unahitaji kusomwa upya. Halafu kumbuka kwamba wakili aliyeteuliwa na benki kuandika hati za dhamana si wakili wako, ingawa ada yake kwa kawaida unailipa wewe. Wako azisome kabla hujatia sahihi.

Ada, na suala la Nairobi

Ada ikubaliwe kwa maandishi na itiwe sahihi nawe. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 45, inauheshimu mkataba wa namna hiyo. Usitarajie punguzo lisilo na kikomo, kwani viwango vya chini vimewekwa kisheria, na wakili haruhusiwi kukubaliana nawe kwamba atalipwa tu kesi ikishinda. Omba bei kwa hatua: kusoma, kuandika, kujadiliana, kusajili. Katika bajeti weka VAT ya asilimia 16 juu ya ada, ushuru wa stempu na gharama za usajili, na mhasibu wako asisahau kodi ya zuio ya asilimia 5, ile inayokatwa kwenye ada ya wakili na kupelekwa kwa mamlaka ya kodi.

Je, ni lazima kwenda Nairobi? Kwa mkataba wa kuuzia gridi umeme au mkopo wa mabenki kadhaa, mara nyingi ndiyo, kwa sababu wataalamu wa kazi hizo ni wachache na wengi wako huko. Kwa mengine, ningemweka wakili wa Kisumu au Nakuru awe kiongozi wa kazi, anayeijua masjala ya ardhi ya hapa na Mahakama Kuu iliyo karibu, naye apeleke Nairobi swali moja lililoandikwa vizuri, lenye bei yake. Ukifanya kinyume, utamlipa wakili wa Nairobi kumtuma karani Kisumu.

Kazi ikiisha, usikubali bahasha ya karatasi peke yake. Dai hati asilia, uthibitisho wa kila usajili, na orodha ya tarehe: cheti cha usajili kwa Kamishna wa Data hudumu miezi 24, leseni za EPRA zina muda wake, na ripoti ya kampuni kwa Msajili ni ya kila mwaka. Kando ya kila tarehe pawe na jina la mtu wa kampuni yako atakayeishughulikia.