Hamisha vifupisho vya Gboard (kibodi ya Google) kabla hujabadili simu
Nyie mnaouza korosho hapa Mtwara, wateja wa Dar wanauliza bei ileile kutwa nzima, acheni kuandika upya jamani. Ingia setingi za Gboard, kamusi, kamusi binafsi, chagua lugha, gusa alama ya kujumlisha, weka ujumbe na kifupisho chake, mfano kbei, ukikiandika ujumbe wote unajileta juu ya kibodi, unaugusa tu. Kifupisho kisiwe neno "bei" tupu maana kila ukichati kawaida ujumbe wote unajileta juu ya kibodi, inakera sana.

Kuhamisha sasa, palepale gusa vidoti vitatu, eksipoti, unapata faili la zip, litupie Google Drive, kwenye simu mpya unaimpoti hapohapo basi. Ila hiyo ni kopi ya siku ile tu, bei ikibadilika msimu wa minada rekebisha simu zote mbili.