Unga wa alumina kwa njia ya mwako: moto ni dakika 5, kusaga ndo kazi

Ukiuona huu mwako wa kutengeneza alumina (oksidi ya alumini, kauri nyeupe) kwa mara ya kwanza utafurahi sana: kimiminika cheupe kinachemka, kinavimba, alafu ghafla kinawaka chenyewe na chombo kizima kinajaa povu jeupe. Wengi hapo ndo wanadhani wameshamaliza, wanachota lile povu wanalikandamiza kwenye kalibu wanaingiza tanuruni, kesho yake wanatoa kitu kinachovunjika kwa kidole. Moto ni sehemu rahisi kabisa. Kinachoamua kama kidonge chako (unga uliokandamizwa kwenye kalibu) kitashikana vizuri kwenye kusinta (kuchoma unga mpaka chembe ziungane bila kuyeyuka) ni unavoutendea unga baada ya moto kuzima, nami nataka ulijue hilo mapema.

Kwanza wazo lenyewe. Mwaka 1967 kule Chernogolovka, Urusi ya Kisovieti, wanasayansi Merzhanov na Borovinskaya na Shkiro waligundua kwamba mchanganyiko wa unga mkavu ukiwashwa upande mmoja moto unatembea wenyewe mpaka mwisho na kuacha kauri nyuma yake. Njia ninayoelekeza hapa ni mdogo wake, ya majimaji, waliyoitoa watafiti Kingsley na Patil wa Bangalore, India, mwaka 1988. Unayeyusha nitreti ya metali unayotaka pamoja na yurea kwenye maji. Nitreti ndo pumzi maana imebeba oksijeni, yurea ndo kuni. Joto linatoka kwenye mchanganyiko wenyewe, tanuru ni la kuanzishia tu.

Hesabu ya kuni na pumzi ni rahisi, usiiogope: kila elementi ina namba yake ya valensi, jumla ikiwa + ni kuni, ikiwa - ni pumzi. Alumini ni +3, nitrojeni hesabu 0, oksijeni 9 ni -18, kwa hiyo nitreti ya alumini inabaki -15. Yurea: kaboni +4, haidrojeni nne +4, oksijeni -2, jumla +6. Ili zifutane unahitaji moli 2.5 za yurea kwa kila moli 1 ya nitreti. Kwa gramu, nitreti ya alumini yenye maji 9 pima 20, yurea pima 8, maji yaliyosafishwa mililita 15. Utapata alumina gramu 2.7 hivi, ndo hivo tu, usishtuke, sehemu kubwa inaondoka kama mvuke na hewa. Yurea tumia ya maabara, ya mfuko wa mbolea ina uchafu ambao utakuja kuuona kwenye kidonge.

Hapa kuna jambo moja zuri sana la hii njia. Ukiongeza nitreti ya magnesi yenye maji 6, miligramu 17 tu, utakuwa umeweka magnesia (oksidi ya magnesi) asilimia 0.1 na imesambaa kila mahali kwa sababu vyote vimeyeyuka kwenye maji yale yale, hakuna kinu kitakachokuchanganyia hivo. Magnesia kidogo inazuia chembe zisikue ovyo na kufungia vitundu ndani. Robert Coble wa kampuni ya General Electric ya Marekani ndo alilionyesha hilo, na ndo likazaa alumina inayopitisha mwanga, ule mrija mdogo ulioko ndani ya taa za sodiamu, zile za njano za barabarani.

Sasa moto. Fanya ndani ya kabati la kuvuta hewa au tanuru lililounganishwa na bomba la kutoa moshi, vaa ngao ya uso na glovu, na jikoni kwako HAPANA. Chombo kiwe cha kioo kinachostahimili joto, kipana, cha mililita 300 hata kama kimiminika ni kidogo, na kisifunikwe kabisa. Mi niliwahi kutumia bika ndogo nikidhani itatosha, povu likapanda likamwagikia kwenye tanuru lote na nikapoteza zaidi ya nusu ya unga. Usizidishe vipimo ili umalize haraka, kama unataka unga mwingi rudia mara nyingi. Wala usikaushe mchanganyiko ukauweka kabatini kwa ajili ya kesho, pumzi na kuni zikikaa pamoja zikiwa kavu ni hatari, changanya leo uchome leo.

Tanuru liwe tayari nyuzi 500, ingiza chombo kwa koleo ndefu, funga mlango. Maji yatachemka, uji utakuwa mzito, utatoa moshi, alafu utaona mwanga mkali unatembea ndani ya povu. Dakika 5 imeisha. Ukiona moshi wa rangi ya kahawia ni dioksidi ya nitrojeni, sumu, na mara nyingi maana yake kuni zilipungua. Povu likitoka la kijivu ni kaboni imebaki, lirudishe tanuruni nyuzi 800 saa 2 mpaka liwe jeupe.

Likishapoa chukua kipande ukisugue kwa glovu, kinapotea kama unga wa muhogo, laini kabisa. Ndo mtego wenyewe huo! Kwenye hadubini unakuta bado ni vigamba vyembamba, kama ganda la kitunguu lililopasuka, na kila kigamba ni chembe nyingi zilizoshikana tayari. Ukizikandamiza hivo, vigamba vinaegemeana na kuacha mapengo makubwa kati yao, alafu kwenye joto kila kigamba kinajishikia chenyewe na yale mapengo hayafungi, hata ukiongeza saa ngapi.

Kwa hiyo saga. Chupa ya plastiki ngumu, ethanoli, na gololi za alumina, uzito wa gololi mara 10 ya unga, izungushe saa 24. Wengine wanapenda gololi za zirkonia (kauri nyingine) kwa sababu ni nzito na zinasaga haraka, lakini kinacholika kwenye gololi kinaingia kwenye unga wako, bora kiwe kitu kile kile. Kausha nyuzi 80 bila moto wa wazi karibu huku unakoroga, alafu chekecha. Barakoa vaa, huu unga unapeperuka na mapafu hayauhitaji.

Kwa kila gramu 2.5 weka nusu mililita ya gundi ya polivinili alkoholi ya asilimia 5, changanya, acha ikauke kidogo. Kalibu ya milimita 20, presi ya haidroliki tani 3 na kidogo, hiyo ni kama megapaskali 100. Achia polepole, ukiachia ghafla kidonge kinapasuka kwa matabaka.

Kuchoma: nyuzi 1 kwa dakika mpaka 600 ili gundi itoke kwa amani, kaa saa 1, alafu nyuzi 5 kwa dakika mpaka 1550, kaa saa 2, shuka taratibu. Kidonge cha milimita 20 kitatoka karibu na 16. Kikibaki 18 ujue hakijashikana.

Wanaotaka unga wa metali, mfano nikeli, wanatumia glisini badala ya yurea na wanazidisha kuni makusudi, zile gesi za ziada zinanyang'anya oksijeni na inabaki metali. Ila nikeli ni sumu ya saratani ukiivuta, na unga wake ukikutana na hewa ukiwa bado wa moto unarudi oksidi au unawaka, tena kusinta kwake kunataka argoni au haidrojeni. Anza na alumina.

Mwisho pima msongamano. Pima kidonge kikavu, kichemshe kwenye maji saa kadhaa vitundu vijae, kipime kikiwa kimening'inia ndani ya maji, alafu kifute juu juu na kitambaa chenye unyevu ukipime tena hewani. Uzito mkavu gawanya kwa tofauti ya ule wa hewani kikiwa kimelowa na ule wa ndani ya maji. Alumina kamili ni karibu gramu 3.98 kwa sentimita moja ya ujazo. Ukipata 3.8 kwenda juu umefanya vizuri. Ukipata 3.2, kabla ya kupandisha joto la tanuru rudi kwenye ile chupa ya gololi.