Rangi ya kiangazi huandaliwa masika: vichaka vya maua na matunda kwa nyua za Mtwara na Lindi

Mvua ikishaaga mwezi Mei na kusi ikaanza kuvuma, nyua zetu hubadilika sura ndani ya wiki chache. Nyasi zinapauka kama mkeka uliosahaulika juani, majani ya mihogo yanapukutika kuanzia chini, na huko Newala na Tandahimba vumbi linatua juu ya kila kitu. Hapo ndipo watu huanza kuuliza wapande nini ua upendeze. Jibu langu huwa halifurahishi: ulipaswa kuuliza Desemba.

Kusini tuna msimu mmoja tu wa mvua, ndio masika yetu, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili, mwaka mzuri unasogea hadi Mei. Kinachofuata ni ukavu wa miezi sita hivi. Mche uliopandwa Juni utaishi kwa ndoo ulizobeba wewe, na kwa mtu wa juu ya uwanda wa Makonde anayenunua maji kwa dumu, huko si kulima tena, ni kuuguza mgonjwa. Mche uliopandwa na mvua za kwanza umepewa miezi mitano ya kushusha mizizi bila kumlipa mtu.

Wengine hunionyesha picha kwenye simu: bustani za Marekani au Uingereza mwezi Oktoba, vichaka vimewaka rangi ya chungwa na damu ya mzee, matawi yamejaa vitunda vyekundu. Wanauliza mbegu zinapatikana wapi. Kule rangi huletwa na siku kufupika na baridi kuingia. Jani linaacha kutengeneza ukijani, ule uliokuwepo unavunjika, na umanjano uliokuwa umejificha humohumo unajitokeza. Wekundu hutengenezwa mwishoni, kutokana na sukari iliyobaki ndani ya jani. Mimea ile inadai majira ya baridi kali ambayo pwani ya Mtwara haiyajui. Hata mbegu zake zikiota, mche utadumaa.

Wala hatuna haja nazo. Tazama mkungu wa pwani: kila ukijiandaa kupukutisha, majani yake yanageuka mekundu kabla ya kudondoka, na watoto wanayaokota. Tazama misitu ya miombo upande wa Nachingwea na Masasi mwezi Septemba na Oktoba, kabla tone la kwanza halijaanguka: majani machanga yanatoka na rangi ya shaba na mvinyo. Huku kwetu mara nyingi rangi huja jani linapozaliwa, si linapokufa. Na mkorosho, ambao tumeuzoea hata hatuuoni tena, unavaa mabibo mekundu na ya manjano kwa wakati uleule. (Mkungu uupande angalau mita 8 kutoka ukutani. Ni mti, si ua la chungu.)

Kwa vichaka vya nyumbani, nimekuja kushika jambo moja linalogawa kazi yote mara mbili. Mimea inayopendeza kwa majani au kwa maua makavu kama karatasi hupenda jua, na hiyo ya maua makavu hupenda na kiu. Mimea inayopendeza kwa matunda haitaki kiu wakati wa kutunga. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunailewesha maji bogenvilia, tunaisahau pilipili.

Bogenvilia na adabu ya kiu

Asili ya bogenvilia ni Amerika ya Kusini, lakini imeikubali pwani yetu kuliko mimea mingi. Ile sehemu ya rangi si ua. Ni majani yaliyogeuka. Ua lenyewe ni kile kimrija kidogo cheupe katikati. Ndiyo maana rangi yake hudumu wiki nyingi bila kunyauka.

Mama mmoja wa Shangani ya Mtwara aliwahi kuniita akalalamika, "Mwanangu, hili ua langu lina mwaka wa pili halijawaka hata siku moja. Nalimwagilia asubuhi na jioni." Tatizo alikuwa amelitaja mwenyewe. Bogenvilia yenye maji mengi na samadi nyingi ya kuku haina sababu ya kutoa maua. Inaota majani na miba tu, inapanda hadi bati la jirani. Nilimshauri aache kumwagilia kabisa kwa wiki tatu, kisha ndoo moja kila baada ya siku kumi. Mwezi wa Agosti nilipita pale, ukuta wote ulikuwa wa zambarau.

Kupogoa kuna wakati wake. Bogenvilia hutoa maua kwenye machipukizi mapya, hivyo ikatwe mwishoni mwa Aprili, mvua zinapopungua. Machipukizi yatakayotoka yatakomaa udongo ukiwa unakauka, na kufikia Juni au Julai yanawaka. Ukiikata Julai umeyakata maua. Duru ya kwanza ikipukutika, punguza ncha tu, kiasi cha kiganja, nayo itarudia tena kabla ya mvua. Epuka yuria. Kama ni lazima kurutubisha, weka samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri, mara moja, mwanzoni mwa masika.

Kwa wanaokaa karibu na bahari, kusi huja na chumvi. Bogenvilia inaivumilia. Krotoni, vile vichaka vya majani ya rangi mchanganyiko, zinaungua kingo upande wa bahari, kwa hiyo zifichwe nyuma ya ukuta au nyuma ya bogenvilia yenyewe. Lakini zisifichwe jua: krotoni ya kivulini hurudi kuwa kijani, ukaanza kumlaumu aliyekuuzia. Ndivyo ilivyo pia kwa akalifa, kile kichaka cha majani mapana ya rangi ya shaba. Saa tano au sita za jua kwa siku zinatosha.

Poinsetia na taa ya mlinzi

Poinsetia wengine huliita ua la Krismasi, ingawa huku linawaka katikati ya mwaka. (Lisichanganywe na mkrismasi, ule mti mkubwa wa barabarani unaochanua Novemba na Desemba.) Poinsetia husoma urefu wa usiku. Mtwara iko nyuzi 10 kusini ya ikweta, kwa hiyo siku zetu fupi zaidi huangukia karibu na tarehe 21 Juni, jua linapokaa angani kwa muda wa saa 11 na nusu hivi, wakati Desemba hukaa karibu saa 12 na dakika 40. Tofauti ni ndogo, sisi hatuihisi, ila mmea unaihisi. Usiku ukirefuka vya kutosha, majani ya juu huanza kuwa mekundu.

Hapa nilijifunza kwa aibu. Nilipanda poinsetia mbili, moja nyuma ya nyumba, nyingine chini ya taa ya getini inayowaka usiku kucha. Ya nyuma ikawa nyekundu. Ya getini ikabaki kijani kibichi mwaka mzima, nami nikaipa samadi, nikaipa majivu, nikaipa maneno. Kwa mmea ule usiku ulikuwa haujawahi kuingia. Panda penye giza la kweli, mbali na taa. Utomvu wake mweupe unawasha, nawa mikono ukishaikata.

Choya nayo husoma usiku. Ni ya msimu mmoja, lakini inasimama kama kichaka, na vikonyo vyake vyekundu, vile vikombe vinene vinavyoshika ua, tunavijua kwenye juisi. Aliyepanda Desemba atapata mmea mrefu kuliko yeye, aliyepanda mapema Machi atapata wa kiunoni, na yote miwili itachanua kwa kukaribiana, siku zikishafupika. Kwa ua mdogo basi panda Februari, nafasi ya mita 1 kati ya mche na mche. Vuna vikonyo vikiwa vinene na laini, wiki mbili au tatu baada ya ua kuanguka, kabla havijawa vikavu na vya mbao.

Matunda: ndege, wigo na pilipili

Duranta ndiyo rahisi kuliko zote. Maua ya zambarau, kisha vitunda vya manjano-chungwa vinavyoning'inia kama shanga za kiunoni. Wanaolalamika kwamba yao haizai karibu wote wameifanya wigo na kuinyoa kila mwezi. Vitunda hukaa kwenye ncha za matawi, na ncha ndizo mkasi unazokula. Nyoa upande wa barabarani, upande wa ndani uache ujiachie. Shorewanda na kuzumburu watakuja wenyewe. Ila vitunda hivyo ni sumu kwa binadamu. Penye mtoto anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni, panda kitu kingine.

Mchongoma unahitaji maelezo zaidi, maana jina hilo linabeba miti zaidi ya mmoja: upo wa pwani ambao matunda yake huiva mekundu kuelekea zambarau, na upo wa matunda ya manjano machachu unaopandwa sana kuwa wigo. Wahenga walishasema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, na mwizi yeyote atathibitisha. Wasichotuambia ni kwamba kwa kawaida kuna mchongoma dume na mchongoma jike. Ukipanda mmoja peke yake, au ukabahatika kupata madume matupu, utakuwa na miba bila tunda maisha yako yote. Mche hauonyeshi jinsia yake mpaka uchanue, na hiyo ni miaka kadhaa. Kwa hiyo panda miche sita au zaidi kutoka kwenye mbegu, au laza ardhini tawi la mti unaozaa, ulifukie katikati, na ulikate likishatoa mizizi. Hilo la pili litakuwa jike bila shaka, mradi kuna dume mahali jirani.

Mzingifuri sijui kwa nini hatuupandi zaidi. Ni kichaka cha mita 3 hadi 5, maua ya waridi, halafu mafungu ya maganda mekundu yenye miba laini isiyochoma. Mbegu zake ndizo zinazotia rangi chakula. Maganda yakikauka yanageuka kahawia na kupasuka. Ukitaka ya kuweka sebuleni, kata yakiwa bado mekundu. Kwa mbegu utasubiri miaka miwili au mitatu, kwa kipandikizi kidogo zaidi ya mwaka.

Na pilipili kichaa! Kichaka cha miaka miwili mitatu, vitunda vya kijani, chungwa na vyekundu kwa pamoja kwenye mti mmoja, na unakula. Ndege wanakula pia, ukali wake hauwachomi, na ndio wanaokupandia miche mingine chini ya mwembe bila kuombwa. Huyu ndiye wa kumwagilia kiangazi: akipata kiu na joto akiwa kwenye maua, maua yote yanadondoka. Lita 2 au 3 kila baada ya siku tatu, jioni, zinamtosha. Maji ya kuoshea vyombo yanafaa kama hayana sabuni nyingi. Duranta na mzingifuri nazo zipate maji zikiwa kwenye maua, ndoo moja kwa wiki, kisha ziache.

Lantana inatoa rangi nzuri na vitunda vyeusi, nami sishauri mtu aipande. Ndege huipeleka shambani na msituni, ikishika haitoki, na mifugo ikiila inaugua. Mtipitipi, ule utambaao wenye mbegu nyekundu zenye doa jeusi, usiutie uani kabisa; mbegu moja iliyotafunwa inaweza kumuua mtoto.

Shimo, matandazo na salfa

Chimba shimo la futi moja na nusu kila upande mwezi Novemba, liache lipate mvua ya kwanza. Udongo wa juu uweke kando, uchanganye na debe moja la samadi iliyooza, urudishe. Kwenye mchanga wa pwani usipunguze samadi hiyo. Maji hupita mchangani kama kwenye chekecheke. Kwa bogenvilia pekee nusu debe inatosha.

Vipandikizi vya bogenvilia na duranta vichukuliwe Januari: unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, macho matatu au manne, macho mawili yafukiwe kwenye viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche. Viriba vikae kivulini. Baada ya wiki sita hivi vuta kidogo. Kikikataa kutoka, kimeshika. Vifike ardhini kabla ya mwisho wa Februari.

Aprili, udongo ukiwa bado na unyevu, tandaza nyasi kavu au maganda ya karanga unene wa vidole vinne. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, la sivyo mchwa watapita chini ya matandazo na kulimenya. Maganda ya korosho yana mafuta yanayounguza ngozi, kwa hiyo mimi siyatumii mahali watoto wanapocheza. Wadudu weupe kama pamba wakionekana kwenye krotoni, sugua kwa kitambaa na maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, jioni jua likishapoa.

Na kwa kuwa nyumba zetu nyingi zimekaa katikati ya mikorosho, kuanzia Juni watu wakipuliza salfa dhidi ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, vumbi lake litafika uani kwako. Mimea haitadhurika sana. Choya na pilipili zioshwe kwa maji safi kabla ya kuingia jikoni, na siku ya kupuliza anua hata kanga zilizoanikwa.