Somo: Kufunga paa lisinyanyuliwe na kimbunga

Kimbunga Hidaya kilipoingia kisiwa cha Mafia Mei 4, 2024, maneno ya "vimbunga ni vya Karibi" yalikwisha. Na Lindi walikwishapigwa na kimbunga Aprili 1952. Ndugu wa pwani, fahamuni hili: upepo unaopita juu ya paa hulinyonya kwenda juu. Kwa hiyo kila kitu, toka bati hadi msingi, kishikane.

Hatua ya 1: Umbo. Paa la migongo minne, linaloteremka pande zote nne, hustahimili kuliko la migongo miwili. Mwinamo uwe karibu nyuzi 30. Upenu usizidi sentimita 45.

Hatua ya 2: Lenta. Pesa yako iweke hapa. Mkanda wa zege uzunguke kuta zote, nondo zisikatike kwenye kona. Kabla ya kumwaga zege, funga kwenye nondo hizo vipande vyembamba vya nondo kila mahali itakapokaa kenchi (fremu ya mbao inayobeba paa), ncha zichomoze juu. Fundi akikuambia misumari inatosha, mkatalie. Zege likishakauka, kazi hiyo ni ngumu na ya gharama.

Hatua ya 3: Kenchi. Kunja ncha zile juu ya mbao, uzikaze kwa misumari. Papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, nazo zifungwe kwa utepe wa chuma kwenye kila kenchi.

Hatua ya 4: Bati. Kwenye upenu, kingo na kofia (bati la kilele cha paa) piga msumari kila mgongo wa bati, maana huko ndiko upepo hunyonya zaidi. Katikati, ruka mmoja mmoja.

Paa la baraza lijitegemee, likingʼoka lisivute la nyumba.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, niko Kilwa, nimeshaezeka na lenta haina hizo nondo. Nibomoe?*
Usibomoe, ndugu yangu. Toboa ukuta chini ya lenta, pitisha utepe wa chuma, uupandishe hadi juu ya kenchi na kuukaza. Anza na kona.

*Shikamoo mwalimu. Bibi husema tufungue dirisha la upande wa pili ili upepo utoke.*
Marahaba mwanangu. Fungeni yote. Upepo ukiingia ndani husukuma paa toka chini, huku ule wa nje ukilivuta. Tena kitovu cha kimbunga kikishapita, upepo hugeuka, na upande uliokuwa shwari ndio unaopigwa.

*Na nyumba ya miti na udongo?*
Nguzo zizame vizuri ardhini, kisha kila kona ipigwe miti ya mshazari, pande zote mbili. Tahadhari ikitangazwa, usilale humo. Nenda kwenye jengo imara, mbali na ufuo.