Somo: Kuikinga siti ya ngozi ya baiskeli na mvua za Dar

Wakuu, masika ya Dar huanza Machi hadi Mei, halafu vuli inakuja kati ya Oktoba na Desemba. Hiyo ndiyo miezi inayoua siti za ngozi. Inaniuma kila nikiona Raleigh ya zamani imeng'olewa siti yake ya Brooks ikawekwa ya sponji, kisa ngozi ilinyeshewa ikabonyea. Brooks wanatengeneza vitu vya ngozi Uingereza tangu 1866, na siti yao ikitunzwa inaweza kukaa kwenye baiskeli miongo kadhaa. Maji tu hayatoshi kuimaliza.

Kwanza hakikisha siti yako ni ya aina hii. Pitisha mkono kwa chini. Ukigusa ngozi yenyewe, nene milimita 5 hivi, iliyopigwa ribiti mbele na nyuma na katikati ikaning'inia bila kitu, somo ni lako. Ukigusa plastiki, hiyo ni siti ya reksini: ifute kwa kitambaa, safari iendelee.

Ngozi hizi hutengenezwa kwa tanini, yaani dawa ya kutengenezea ngozi inayotoka kwenye magome ya miti, mfano wa miwati inayolimwa Njombe. Ndiyo maana zinapitisha hewa na taratibu zinafuata umbo la mwenye baiskeli. Lakini zikilowa, nyuzi zake zinalegea na kuteleza. Ukizikalia hapo zinavutika, na zikikauka zinabaki vilevile zilivyovutika. Kwa hiyo shikeni hili: siti inauawa na kukaliwa ikiwa mbichi, na inauawa na kukaushwa harakaharaka. Kunyeshewa peke yake kuna dawa.

Hatua ya kwanza: anza chini

Wengi wanahangaika na juu. Juu pamelainishwa na kupakwa nta, maji yanachukua muda kuingia. Chini ngozi iko wazi, inanyonya kama sponji, na tairi la nyuma linairushia tope la barabarani moja kwa moja. Unaweza kutoka Ubungo hadi Kariakoo mvua ikiwa imeshakatika, siti ikafika imelowa kwa madimbwi tu.

Madigadi kamili ya nyuma ndiyo kinga namba moja, kuliko mafuta yoyote na kifuniko chochote. Kama baiskeli yako haina, chukua dumu tupu la mafuta ya kula la lita 5, kata ubavu wake mmoja, ukunje kufuata umbo la siti. Toboa matundu manne, ufunge kwenye vile vyuma viwili vya chini ya siti kwa vipande vya tyubu. Acha nafasi ya kidole kati ya plastiki na ngozi ili hewa ipite. Kipande kitokeze nyuma kidogo, kwa sababu maji ya tairi yanakuja kwa mshazari.

Hatua ya pili: lisha ngozi kabla ya mvua

Fanya hivi Februari, na tena mwishoni mwa Septemba. Ngozi iwe kavu kabisa. Ukipata mafuta maalumu ya siti, sawa. Usipopata, changanya nta ya nyuki sehemu moja na shahamu ya ng'ombe iliyoyeyushwa na kuchujwa sehemu mbili. Weka kwenye kikopo, kikopo ukiweke ndani ya sufuria ya maji ya moto. Usiiyeyushe nta moja kwa moja juu ya moto, inashika moto vibaya sana. Nta huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 65, maji hayana haja ya kuchemka.

Mchanganyiko ukipoa na kuganda, paka chini kwanza, tena kwa wingi: zunguka ribiti, fuata kingo. Juu paka safu nyembamba. Acha usiku kucha, asubuhi sugua kwa kitambaa kikavu mpaka mkono usinate. Mara mbili kwa mwaka inatosha. Ukizidisha, ngozi inalainika na kulegea, na siti ya aina hii inakubeba kwa sababu ya ugumu wake.

Hatua ya tatu: kifuniko

Zamani tulikuwa tunavalisha rambo na kukaza kwa fundo. Mifuko ile ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na hii mifuko mbadala inapitisha maji, msidanganyike na muonekano wake. Kofia ya plastiki ya kuogea inakaa vizuri na inakunjika mfukoni. Bora zaidi, mpelekee fundi cherehani kipande cha reksini au turubai jepesi, akushonee kifuniko chenye lastiki pembeni. Mwambie kishuke hadi kifunike ribiti.

Kifuniko ni cha wakati wa mvua na wakati wa kuegesha nje tu. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Ukiacha siti imefunikwa kutwa nzima, jasho linafungiwa ndani na koga inaota.

Hatua ya nne: ikishalowa

Futa maji juu na chini. Weka baiskeli kivulini penye upepo, kibarazani au ndani karibu na dirisha. Jua la saa saba mchana, jiko la mkaa na pasi, vyote hapana: ngozi itasinyaa, itakakamaa, halafu ipasuke kwenye ribiti. Ikishakauka yenyewe ndipo upake nta kidogo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, jana mvua imenikuta Jangwani, siti imelowa chapachapa na kesho asubuhi lazima niende kazini. Nifanyeje?

Pole sana. Kunja magazeti, yabane kwa chini kati ya ngozi na vyuma ili yanyonye maji na kuishikilia ngozi isizame. Badilisha yakilowa. Kesho ukiibonyeza kwa kidole gumba ukaona bado ni laini, panda daladala. Nauli ya siku moja ni nafuu kuliko siti.

Naomba kuuliza kaka, mafuta ya nazi si yanafaa? Nyumbani yapo.

Hapana dada yangu, yaache jikoni. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, na Dar mchana joto liko juu ya hapo karibu mwaka mzima. Yatabaki maji ndani ya ngozi, yatailegeza, na yatahamia kwenye nguo zako. Mafuta ya kula na ya injini ndiyo kabisa usiguse.

Mimi navuka na kivuko cha Kigamboni kila siku. Upepo wa chumvi una madhara?

Unayo, hasa kwenye vyuma. Mara moja kwa wiki pitisha kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa sana, kisha kikavu. Bolti na springi zipake grisi kidogo. Kutu ikikutana na maji na tanini inaacha madoa meusi kwenye ngozi, na hayo hayatoki.

Siti imeota vitu vyeupe baada ya kukaa stoo. Ni nta au koga?

Ipulizie hewa ya moto kidogo kwa mbali, ya mashine ya kukaushia nywele. Nta itayeyuka na kupotea, koga itabaki. Kama ni koga, ipeleke nje, isugue kwa kitambaa kikavu, kisha kingine chenye siki na maji nusu kwa nusu. Ikauke kivulini, halafu ilishe.

Mwanangu, nina Raleigh tangu ujana wangu. Ngozi imebonyea katikati. Fundi anasema nitupe. Kweli?

Shikamoo mzee wangu. Usitupe kwanza. Chungulia chini ya pua ya siti, kuna bolti ndefu yenye nati. Ngozi ikiwa kavu kabisa, zungusha nati robo mzunguko kwa spana, endesha siku chache, ndipo uongeze robo nyingine ikihitajika. Usikaze ngozi ikiwa imelowa, itachanika kwenye ribiti. Kama nati imeshikwa na kutu, dondoshea mafuta ya kulegeza kutu kwenye uzi wa bolti tu, yasifike kwenye ngozi, na uiache usiku mzima. Na kama bolti imefika mwisho na bado imebonyea, toboa matundu matatu kila upande kwenye mbavu za siti na uzifunge pamoja kwa chini kwa kamba ya viatu, ukivuta kidogokidogo mpaka katikati painuke. Fundi viatu yeyote ana kitoboleo cha kazi hiyo.