Kubadilisha kioo cha saa ya mkono nyumbani

Saa ikianguka na kioo kikapasuka, ivue papo hapo na usiitikise. Chembe ya kioo iliyo ndogo kama punje ya chumvi ikiingia chini ya akrabu hukwaruza uso wa saa, na ikifika kwenye meno ya mashine, saa husimama. Hapa Mombasa nimeletewa saa nyingi za namna hiyo: mwenyewe anataka kioo tu, kumbe aliivaa wiki nzima ikiwa na ufa, na sasa mashine nayo lazima ifunguliwe.

Mwongozo huu ni wa kioo bapa kinachoshikwa na ringi nyembamba ya nailoni. Saa ya kuzamia au ya thamani kubwa mpelekee fundi mwenye chombo cha kupima kama saa inaingiza maji.

Tafuta kipimo cha venia (cha kupimia upana na unene kwa milimita), kibano, kipira cha kupulizia, selotepu, presi ndogo ya mkono yenye vibao vya plastiki, na kitambaa kisichoacha nyuzi. Halafu zima feni. Najua joto la kaskazi lilivyo, lakini feni hupeperusha vumbi lote la chumbani likatua usoni mwa saa.

1. Bandika selotepu juu ya kioo kilichovunjika ili vipande vishikane. Geuza saa, uso uangalie chini, kisha fungua kifuniko cha nyuma.

2. Toa mashine. Kando ya kijiti cha kile kifundo cha pembeni kuna kitundu au kialama kidogo. Kibonyeze taratibu kwa sindano huku ukivuta kifundo. Kisipotoka, usitumie nguvu, angalia tena mahali unapobonyeza. Mashine ikitoka, ifunike kwa kikombe safi. Uso wa saa usiuguse kwa kidole wala kitambaa, maana maandishi hutoka. Ukiona chembe, ipulize kwa kipira. Usipulize kwa mdomo, pumzi ina unyevu.

3. Sukuma kioo cha zamani kitoke kwa nje, toa ringi, kisha osha bodi tupu kwa maji ya sabuni na mswaki laini. Jasho na chumvi ya bahari hujificha kwenye ule mfereji wa ringi. Uchafu ukibaki humo, kioo kipya hukaa upande. Kausha kabisa.

4. Pima. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Pima upana wa tundu mara tatu, ukizungusha bodi kila mara. Tuseme umepata milimita 30.5 na ringi ina unene wa 0.4. Toa 0.4 kila upande, unabaki na 29.7. Vioo huuzwa kwa tofauti ya 0.1, kwa hivyo anza na 29.7. Kioo kinachofaa hukaa juu ya ringi bila kuzama chenyewe. Kikizama, chukua 29.8. Pima pia unene wa kipande cha zamani, kwani kioo kinene kupita kiasi hutokeza juu ya bodi na kugongwa kila mara. Nilipokuwa mwanafunzi nililazimisha kioo kilichozidi kidogo tu, kikapasuka ndani ya presi na vipande vikanichoma kiganja.

5. Weka ringi mpya, kioo juu yake, kisha presi. Chagua kibao kinachokanyaga pembezoni mwa kioo, kisiguse katikati. Kaza polepole. Kikianza kuinama upande mmoja, legeza uanze upya.

Supaglu usiitumie kamwe. Mvuke wake huacha ukungu mweupe ndani ya kioo.

6. Futa kioo kwa ndani, puliza mara ya mwisho, rudisha mashine, bonyeza kifundo mpaka kishike, funga nyuma.

Sasa jaribu. Shika saa kiganjani mpaka ipate joto, kisha weka tone la maji ya friji juu ya kioo kwa dakika moja na ulifute. Ukiona ukungu kwa ndani mahali pale pale, umefungia unyevu; fungua, kausha, funga tena. Hata ikiwa safi, jaribio hili halithibitishi kwamba maji hayaingii. Ivue unapotawadha, na usiogelee nayo.